Pipi za kila saa na meno ya mtoto

Juma hili tuzungumzie jambo ambalo wazazi wengi tunalichukulia wepesi, nalo ni utamu tunaowapa watoto wetu tangu wanapoamka hadi wanapolala: chai ya sukari nyingi, biskuti, ubuyu wa rangi, lambalamba, juisi za pakiti na soda.

Sisi matabibu huletewa mtoto wa miaka minne shavu limevimba, usiku kucha hakulala, na mzazi husema, "Si jino la utoto tu, litang'oka." Kauli hii ndiyo inayotuponza. Magego ya utoto hukaa kinywani mpaka miaka 10 hadi 12, nayo ndiyo yanayoshika nafasi ya meno ya ukubwani. Likioza mpaka ndani, usaha hujikusanya, mtoto hali vizuri na madrasa haendi. Isitoshe, anapofikia miaka 6 hivi, gego la kwanza la ukubwani huchomoza nyuma ya yale ya utoto bila jino lolote kung'oka. Wengi hulidhania kuwa la utoto, kumbe hilo likiharibika halina badala.

Jino halitobolewi na mdudu anayetambaa ndani yake, kama baadhi ya watu wanavyodai. Bakteria wa kinywani hula sukari na kutoa asidi inayolainisha jino kwa kiasi cha nusu saa, kisha mate huanza kulirekebisha. Kwa hiyo mtoto aliyekula pipi tatu kwa mara moja, baada ya chakula cha mchana, ana nafuu kuliko anayemumunya moja moja kutwa nzima. Ndiyo maana sioni faida ya kupiga marufuku kabisa, kwani mtoto atakwenda kuzila kwa jirani. Mwekee wakati wake, tena baada ya mlo, na kiu ikatwe kwa maji. Tende pia hunata kwenye meno, asukutue baada ya kula. Mswaki wa mti ni sunna, na dawa ya meno yenye floraidi iongezwe, kiasi cha punje ya mchele kwa aliye chini ya miaka mitatu.

Ama kuhusu kiasi, Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilishauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu zote za chakula, na ikipungua hadi asilimia 5 ni bora zaidi. Kwa mtoto wa miaka minne, hiyo asilimia 10 ni kama vijiko 7 vya chai kwa siku nzima. Chupa moja ya soda ya mililita 350 inazidi hapo. Na chai ikinywewa pamoja na maharage au mchicha huzuia madini ya chuma yasifyonzwe, hivyo mtoto hushiba huku damu ikipungua.

Mtume (SAW) alimfundisha Umar bin Abi Salama, mtoto aliyelelewa nyumbani kwake, adabu za kula akiwa amekaa naye penye chakula kimoja. Mtoto anayetengewa sahani yake pembeni atajifunzia wapi kula dagaa na mboga? Akikataa mchicha leo, usimlazimishe, wala usimhonge pipi. Mpe tena kidogo siku nyingine, kwani wengine huzoea baada ya kuonja mara kumi au zaidi.

Neno moja kuhusu asali. Ni shifaa, na Qur'an imeitaja, lakini mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asilambishwe hata tone, hata katika tahniki, ambayo Mtume (SAW) aliifanya kwa tende. Asali huweza kubeba mbegu za bakteria ambazo tumbo changa haliwezi kuzizuia. Mtoto aliyelambishwa akifunga choo, akalegea shingo, sauti ya kilio ikafifia na kunyonya kukamshinda, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.