Mshoni Auliza: Kidogo Changu Chafaa Nini?

SWALI: Mimi ni mshoni na mama wa watoto watatu. Dhuluma niionayo mtaani petu yaniudhi, lakini sina mali wala wasaa. Nifanyeje?

JIBU: Kidogo chako, Bibi, chafaa sana, maadamu kitadumu. Watu weusi wa Montgomery, Marekani, walipoazimia Desemba 1955 kuyasusia mabasi yaliyowabagua, walishikilia azma yao siku 381, na katika muda huo wote aghalabu hawakutakiwa makubwa, bali huyu alikwenda kazini kwa miguu, na yule akawachukua wenziwe garini. Lakini mtazame hasa Georgia Gilmore, mpishi na mama wa watoto sita, aliyewakusanya wanawake wakapika majumbani mwao keki na kuku wa kukaanga, wakauza, na fedha akazipeleka katika mikutano ya wasusiaji zisaidie kuyaendesha magari yaliyowachukua watu. Na majina yao akayasitiri, kwani wengi walikuwa watumishi wa Wazungu ambao wangaliwafukuza. Yeye mwenyewe alipofukuzwa kazi, aligeuza jiko la nyumbani kwake kuwa riziki yake, wala hakuacha kuchanga. Ustahimilivu huo nauenzi kuliko hotuba nyingi zisifiwazo, kwa kuwa ulitokana na kazi aliyokwisha kuijua.

Basi chagua dhuluma moja iliyo karibu nawe, tafuta wenzio wawili, wekeni siku moja ya juma, wala msiahidi msichoweza kukitimiza hata katika juma la maradhi. Anzeni Jumamosi hii.