Mafunzo Niliyopata: Maadili ya Uhifadhi Hayabebwi na Mtu Mmoja

Nimeitumikia kazi ya wanyamapori tangu nilipomaliza Chuo cha Mweka: kwanza doria, baadaye sensa, na sasa migogoro ya binadamu na wanyama katika vijiji vilivyo kati ya Tarangire na Ziwa Manyara. Vijana wanaoajiriwa leo huniuliza: chama cha wataalamu wa uhifadhi kina faida gani, ikiwa mwajiri ameshatupa sare, sheria na mshahara? Ni swali la haki. Nimesoma katiba za vyama kadhaa, na karibu zote zinataja mambo yaleyale: sayansi, uadilifu, heshima kwa jamii, ustawi wa mhifadhi, kurithishana elimu. Ni maneno mepesi kuyaandika. Kazi ndiyo iliyonionyesha uzito wake, ikanionyesha pia kwamba hakuna awezaye kuubeba peke yake.

1. Kumpenda mnyama hakutoshi

Katika mkutano wa Arusha wa Septemba 1961, miezi michache kabla ya uhuru, Mwalimu Nyerere alitoa tamko ambalo wahifadhi wengi hulikumbuka kwa ahadi yake kwa wajukuu zetu. Mimi hulirudia zaidi kwa sehemu inayosema wazi kuwa uhifadhi unahitaji utaalamu, watu waliofunzwa na fedha. Miaka miwili baadaye, mwaka 1963, Mweka ikafunguliwa kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Marekani walikuwa wameshapita njia hiyo: The Wildlife Society iliundwa mwaka 1937 na watu waliotaka usimamizi wa wanyamapori uwe taaluma kamili, na mwaka huohuo jarida lake la kisayansi likaanza kutoka.

Yeyote anaweza kumpenda tembo. Mtaalamu anajua tembo huyo anapita wapi kiangazi, anakunywa wapi, na kwa nini ukiziba ushoroba wake leo atatokea shambani kwa mtu kesho. Kazi ya kwanza ya chama ni kuhakikisha anayejiita mtaalamu ana elimu hiyo, na anaendelea kuitafuta hata baada ya kupata cheti.

2. Namba ni amana

Ukipanda ndege ya sensa, unakaa kiti cha nyuma na kutazama nje kupitia fito mbili zilizofungwa kwenye mhimili wa bawa. Ndege inaruka chini, kama mita 100 kutoka ardhini, kwa mistari iliyonyooka. Mnyama aliye kati ya fito unamhesabu. Aliye nje ya fito unamwacha, hata akiwa dume lenye pembe zinazogusa majani. Kundi kubwa linapigwa picha ili lihesabiwe upya mezani. Mizoga nayo inahesabiwa, mibichi kando na ile iliyobaki mifupa mieupe, kwa sababu uwiano kati ya mizoga na tembo walio hai ndio unaokuambia kama wanakufa vifo vya kawaida au wanauawa.

Jua linachoma kioo, tumbo linakuvuruga, na macho yanakushawishi uongeze kundi lililopita hatua chache nje ya fito. Usiongeze. Sensa za Tanzania zilionyesha tembo wakishuka kutoka takriban 109,000 mwaka 2009 hadi takriban 43,000 mwaka 2014. Takwimu hizo zilipotangazwa mwaka 2015, wapo walioona kuwa nchi imevuliwa nguo. Mimi naamini ziliokoa tembo waliobaki, kwa sababu baada ya hapo hakuna kiongozi aliyeweza kusema hajui. Mapambano dhidi ya ujangili yalipamba moto, na hata vigogo wa biashara ya pembe wakafikishwa mahakamani. Yang Fenglan, aliyeitwa "malkia wa pembe za ndovu", alikamatwa mwaka 2015 na kuhukumiwa kifungo cha miaka 15 mwaka 2019.

Mhesabuji mmoja akileta namba isiyopendeza anaweza kupuuzwa. Chama kizima kikisimama nyuma ya njia iliyotumika kuipata, hoja inabaki kuwa ya kisayansi, na hapo ndipo inapostahili kujadiliwa.

3. Jirani wa hifadhi ana haki kabla hajawa na wajibu

Funzo hili nimelipata shambani, asubuhi baada ya tembo kupita. Mahindi yamelala, mabua yametafunwa katikati, na nyayo zimezama kwenye udongo laini, kila moja pana kama sinia. Nilikuwa nimeshika GPS, tayari kuzunguka mipaka ya shamba kupima ekari zilizoharibiwa.

"Shikamoo, mama," nikamsalimia mwenye shamba.

"Marahaba, mwanangu. Mmekuja kupima. Usiku mlikuwa wapi?"

Ilinibidi nimweleze kanuni. Zile za mwaka 2011 ziliweka kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa majeraha na vifo. Kifo cha mtu kiliwekewa shilingi milioni 1. Shamba lililo ndani ya mita 500 kutoka mpaka wa hifadhi halikulipwa, na malipo hayakuvuka ekari 5. Shamba la mama yule lilikuwa ndani ya mita 500. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Tembo hajui mita, mwanangu." Sina hoja ya kushinda hiyo, na wala siitafuti.

Mtaalamu analo la kufanya mahali kama hapo. Anaweza kuwafundisha wanakijiji uzio wa pilipili: matambara yaliyochovywa kwenye pilipili kali iliyochanganywa na oili chafu, yakaning'inizwa kwenye kamba ya katani, na kupakwa upya kila mvua inapoyaosha. Anaweza kuwaonyesha uzio wa mizinga, uliothibitishwa na utafiti uliofanyika Kenya: tembo akigusa waya, mizinga inayumba na nyuki wanatoka. Kule Simanjiro wafugaji wamejenga "kuta hai" kuzunguka mazizi, wavu wa waya ukishikiliwa na miti hai ya jamii ya manemane, na simba wanabaki nje. Mfugaji ambaye ng'ombe wake wameamka salama hana sababu ya kuweka sumu kwenye mzoga, sumu ambayo huua simba na kuwamaliza tai kwa makundi.

Lakini kuna jambo ambalo afisa mmoja wa wilaya hawezi kulifanya, nalo ni kubadilisha kanuni inayomuumiza mwananchi. Chama kinaweza kukusanya taarifa za mashamba kama lile kutoka wilaya zote, kikazipeleka Dodoma zikiwa hoja moja yenye ushahidi. Chama kinachoandika "heshima kwa jamii" kwenye katiba yake kina deni hilo.

4. Askari naye ni wa kuhifadhiwa

Chama cha askari wa wanyamapori wa Afrika kiliundwa mwaka 1970, na shirikisho lao la kimataifa likazaliwa Uingereza tarehe 31 Julai 1992. Tarehe hiyo ndiyo Siku ya Askari wa Wanyamapori Duniani. Wayne Lotter, aliyewahi kuwa makamu wa rais wa shirikisho hilo na mmoja wa waanzilishi wa shirika la uhifadhi la PAMS Foundation, alipigwa risasi na kuuawa Dar es Salaam tarehe 16 Agosti 2017. Alikuwa amejitoa kusaidia kuvunja mitandao ya ujangili nchini mwetu.

Risasi si hatari pekee. Doria ni malaria, nyoka, maji ya dimbwi na wiki nzima bila kusikia sauti ya mtoto wako. Askari wa vijiji mara nyingi hubeba hatari hiyohiyo kwa posho ndogo. Chama kinachodai bima, viatu imara, redio zinazofanya kazi na matunzo kwa wajane kinafanya uhifadhi sawasawa na anayehesabu tembo.

5. Mwadilifu anahitaji watu nyuma yake

Kijana mmoja niliyefanya naye kazi alisimamisha lori la mkaa getini usiku. Mzigo haukuwa na kibali. Haikupita saa moja, simu ikapigwa kutoka juu: liachie. Kijana aliandika kila kitu kwenye kitabu cha matukio, namba ya gari na saa ya simu, kisha akanigeukia. "Kaka, kesho nani atanitetea?"

Mwaka 2021 shirikisho la kimataifa la askari lilitoa kanuni za maadili za kazi hiyo. Kanuni za namna hiyo zina thamani, kwa kuwa zinampa kijana kama yule neno la kusema: hili taaluma yangu hainiruhusu. Lakini karatasi haiendi kwenye kikao cha nidhamu kukaa kando yake. Kanuni zinapaswa kuja na wakili, na barua ya chama, na wenzake wanaojua kilichotokea. Bila hivyo tunawadai vijana ushujaa ambao sisi wakubwa hatuko tayari kuugharimia.

6. Elimu isiyorithishwa huzikwa

Wazee wa vijiji ninavyotembelea wanajua tembo walipita wapi kabla ya barabara ya lami. Maofisa wastaafu wanajua mito iliyokauka na mwaka ilipokauka. Nimeanza kuketi nao pamoja na vijana wapya, ramani ikiwa mezani, kila njia ikichorwa na jina la aliyeitaja. Vyama vyetu vina uwezo wa kufanya jambo hili kwa nchi nzima, na wazee hawatusubiri.

Kwa kijana anayefikiria kujiunga, usianze kuuliza ada ni kiasi gani. Uliza chama hicho kilimtetea nani mwaka jana, kilisema ukweli gani uliowakera wakubwa, na ni kijiji gani kinaweza kukitolea ushahidi. Kikiwa na majibu, lipa ada yako na uingie kufanya kazi. Kisipokuwa nayo, jiunge hata hivyo ukiwa na wenzako, gombeeni uongozi, mkayatafute majibu hayo nyinyi wenyewe.