Nisome Mitambo, Menejimenti, au Vyote Viwili?

*Nimemaliza kidato cha sita, mchepuo wa PCM, na matokeo yangu ni mazuri. Baba yangu ni fundi wa boila katika kiwanda cha sukari, na ndiye aliyenifundisha kusikiliza mota kwa kuegemeza bisibisi sikioni. Nataka kusoma uhandisi mitambo. Shida imeanzia nyumbani. Kaka yangu aliyesomea biashara anasema mhandisi atapaka grisi mpaka anazeeka huku meneja akisaini hundi, kwa hiyo nisome biashara. Shangazi yangu anaishi Uskoti. Yeye amenitafutia habari za Chuo Kikuu cha Edinburgh, ambako kuna shahada ya uhandisi mitambo pamoja na menejimenti, na anasema hapo ndipo penye jibu. Baba anatikisa kichwa. Anasema mtu wa namna hiyo hawi mhandisi wala hawi meneja. Pamoja na hayo, yuko tayari kuuza kiwanja chake cha Kihonda ili niende. Nimsikilize nani? Na nikirudi, bodi ya wahandisi itanitambua?*

*Binti wa Fundi, Morogoro*



Nianze na baba yako, maana hofu yake ni ya haki. Wapo watu wenye shahada za majina marefu ambao ukiwapa mchoro wa shafti hawajui waanzie wapi, na ukiwapa hesabu za mwisho wa mwaka za kampuni wanakodoa macho vilevile. Ila mzee amesahau jambo moja: yeye mwenyewe anafanya menejimenti kila zamu, na hakuna aliyempa cheti chake.

Muulize nini hutokea beringi ya kinu inapoanza kupata moto katikati ya msimu. Muwa ukishakatwa huanza kupoteza sukari, na usipofika kinuni ndani ya siku moja au mbili, mkulima na kiwanda wote wanaumia. Kinu kikisimama, makapi hayatoki. Makapi yasipotoka, boila inabaki na ile akiba iliyoko uwanjani tu. Moto ukipungua mvuke unashuka, na mvuke ndio unaozungusha turbini na kuchemsha maji ya miwa hadi yashike sukari. Sasa mwenye zamu afanye nini? Asimamishe kiwanda sasa hivi abadilishe beringi, au apunguze mwendo, aongeze mafuta na kuipoza, aiburuze mpaka siku ya matengenezo? Ili ajibu lazima ajue joto linapanda kwa kasi gani, beringi ni ya madini gani na mafuta yake yanastahimili nini. Lazima pia ajue malori mangapi yako njiani, miwa kiasi gani imelala shambani, na beringi nyingine ipo stoo au bado iko dukani Dar es Salaam. Swali hilo huwezi kulikata vipande viwili, ukampa mhandisi kimoja na meneja kingine. Wakati wanatafutana kwa simu, beringi inaungua.

Kaka yako naye ana lake. Ni kweli anayesaini hundi ndiye mwenye neno la mwisho. Alichokuficha, au asichokijua, ni kwamba hundi kubwa za kiwandani hupimwa kwa namba zinazotoka karakana. Tufanye hesabu moja kwa namba za kubuni. Tuseme shafti ya kinu inauzwa shilingi milioni 60. Ikivunjika na huna ya akiba, karakana itajaza ya zamani kwa kuchomelea na kuikereza upya, na kiwanda kitasimama siku 7. Ukiwa nayo stoo, utasimama siku moja ya kuibadilisha. Kila siku ya kusimama inagharimu milioni 100, na shafti ya aina hiyo huvunjika mara moja katika miaka 10. Je, tununue ya akiba?

Mhasibu atakuambia milioni 60 zilizolala stoo, kwa riba ya asilimia 18, zinakula milioni 10 na laki 8 kwa mwaka. Upande wa pili, shafti ya akiba inaokoa siku 6, yaani milioni 600 kila baada ya miaka 10, sawa na milioni 60 kwa mwaka. Basi inunuliwe, na mjadala ufungwe.

Lakini ile "mara moja katika miaka 10" imetoka wapi? Mhasibu hakuipata kwenye vitabu vyake. Imetoka kwa mtu anayejua jinsi chuma kinavyochoka kikizunguka chini ya mzigo, anayejua kwamba ufa hupenda kuanzia kwenye kona kali iliyochongwa bila uangalifu, na aliyeikagua shafti hiyo wakati wa masika kiwanda kilipofungwa. Akiona ufa umeanza, ile miaka 10 inaweza kugeuka kuwa msimu mmoja, na hesabu yote inaanza upya. Mtu wa biashara peke yake hupewa namba hiyo akaimeza ilivyo. Mhandisi asiyejua riba naye anauona ufa, anaingia kwenye kikao cha bajeti na kusema "hali ni mbaya sana". Mkurugenzi wa fedha anamuuliza: mbaya kwa shilingi ngapi? Kimya. Nimekaa kwenye vikao vya namna hiyo, na shafti huwa hainunuliwi.

Kwa hiyo nakwambia wazi: menejimenti inayomfaa mhandisi inafanyika palepale mashine ilipo, na asiyeijua mashine hawezi kuifanya. Historia inathibitisha. Mwaka 1886, kwenye mkutano wa chama cha wahandisi mitambo wa Marekani mjini Chicago, Henry Towne alisoma mada akidai kwamba usimamizi wa karakana na hesabu za gharama ni sehemu halali ya taaluma yao. Frederick Taylor, ambaye kitabu chake cha mwaka 1911 bado kinatajwa katika vyuo vya biashara, alianzia karakana huko Philadelphia na shahada yake ilikuwa ya uhandisi mitambo. Kaka yako alipokuwa anakariri Taylor kwa ajili ya mtihani, sijui kama aliambiwa hilo.

Taylor nina ugomvi naye. Alitaka kufikiri kote kufanyike ofisini, na mfanyakazi atekeleze tu kwa saa iliyopimwa. Japani walikwenda njia nyingine. Taiichi Ohno wa Toyota, mtu wa mitambo vilevile, alijenga utaratibu ambao mfanyakazi wa kawaida akiona kasoro anaruhusiwa kusimamisha mstari mzima wa kuunganisha magari. Wewe uliyelelewa na fundi wa boila utaelewa upesi kwa nini namfuata Ohno.

Na huna haja ya kwenda Japani kutafuta mfano. Hapo kwenu Morogoro kulijengwa kiwanda cha viatu miaka ya 1970 kwa fedha za Benki ya Dunia, chenye mashine za kisasa, kwa nia ya kuuza viatu vingi Ulaya. Hakikuwahi kuzalisha zaidi ya asilimia 4 hivi ya uwezo wake, na mwaka 1990 kikaacha kabisa. Kuta zake zilikuwa za aluminiamu, hakuna mfumo wa kupitisha hewa. Morogoro, mwanangu, na joto lile! Mwanafunzi aliyefaulu themodinamiki angeuliza joto hilo litatokea wapi. Mwenye akili ya mipango angeuliza ngozi, spea na fedha za kigeni zitatoka wapi mwaka hadi mwaka, na nani huko Ulaya ameshaagiza viatu hivyo. Kiwanda kile kilihitaji maswali yote hayo yaulizwe mapema, kwenye meza moja.

Sasa tuje kwenye shahada yenyewe. Acha kusoma jina lake, soma orodha ya masomo mwaka kwa mwaka. Tafuta hisabati ya kutosha, mekanika, uimara wa vifaa, themodinamiki, mwendo wa vimiminika, usanifu wa mashine, na udhibiti wa mitambo. Kama chuo kimeondoa mojawapo ili kupisha masoko au tabia za wateja, achana nacho, hata kiwe na bustani nzuri kiasi gani. Lakini kama vyote vimo, na menejimenti imechukua nafasi ya masomo ya hiari ya miaka ya mwisho, hiyo ni shahada kamili ya uhandisi na baba yako hana sababu ya kutikisa kichwa. Mwambie shangazi aulize pia kama shahada hiyo imeidhinishwa na IMechE, taasisi ya wahandisi mitambo ya Uingereza. Na aangalie miaka. Uskoti shahada ya BEng ni miaka 4 na MEng ni 5, wakati England ni 3 na 4. Huo mwaka wa ziada ni ada na chakula na makoti ya baridi, na ada ya mwanafunzi wa kigeni ni mara kadhaa ya ile ya mwenyeji.

Kabla hamjafika huko, angalieni pale Mlimani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara moja inayobeba uhandisi mitambo na uhandisi wa viwanda. Ya mitambo unaijua. Ile ya viwanda ndiyo ndugu wa karibu wa hiyo ya Edinburgh: upangaji wa uzalishaji, udhibiti wa ubora, gharama, mpangilio wa kiwanda. Wengi huipita kwenye fomu wakidhani ni ya walioshindwa mitambo, na hapo wanakosea sana. Kwa mtu anayependa mashine kama unavyozipenda wewe, hata hivyo, ningechagua mitambo, kisha nikachukua kila somo la menejimenti watakaloniruhusu.

Kuhusu bodi: kwa sheria ya mwaka 1997, huwezi kufanya kazi kwa jina la mhandisi Tanzania bila kusajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Shahada ya nje hupelekwa kwanza Tume ya Vyuo Vikuu itambuliwe. Baada ya hapo unasajiliwa kuwa mhandisi mhitimu, halafu unaingia kwenye mafunzo ya kazi yanayoitwa SEAP, si chini ya miaka 3, chini ya mhandisi mzoefu, ukiandika kila ulichofanya. Hapo ndipo unaomba kuwa mhandisi mtaalamu. Aliyetoka Edinburgh na aliyetoka Mlimani wanapanga foleni hiyohiyo.

Kwa sababu hiyo, kiwanja cha Kihonda kisiuzwe. Ukipata ufadhili kamili, nenda, na usiombe ruhusa ya mtu. Lakini kuuza ardhi ya mzee kwa ajili ya shahada ya kwanza ambayo sehemu yake kubwa utaipata hapa, hapana. Hiyo nayo ni hesabu ya mtaji, na mhandisi mwenye menejimenti angeipiga vilevile.

Ukishaingia chuoni, thamani yako itajengwa zaidi kwenye PT, yale mafunzo ya vitendo viwandani. Wanafunzi wengi huzimaliza wiki zile wakipiga picha wamevaa kofia ngumu. Wewe omba vitu viwili. Kwanza mashine: ukereze, uchomelee, ufungue pampu na uifunge tena mpaka isivuje. Watakuwepo mafundi watakaokuambia binti akae ofisini apange mafaili. Wajibu kwa kazi, na fundi mzee anayekukejeli mwamkie kila asubuhi na umuulize swali la maana. Wengi hulainika wakiona unajua spana namba ngapi bila kuambiwa.

Cha pili, omba daftari la kusimama kwa mitambo. Kila kiwanda kinalo, limejaa grisi, na mara nyingi hakuna anayelisoma. Liingize kwenye Excel: mashine ipi ilisimama, saa ngapi, kwa sababu gani, spea gani ilikosekana. Ukipanga kwa saa zilizopotea, sitashangaa ukikuta mashine tatu au nne zinabeba sehemu kubwa ya hasara yote, na kwamba nyingine haikuharibika hata kidogo, ilisubiri tu saini ya kutoa mkanda stoo. Mpelekee meneja wa kiwanda ukurasa mmoja wenye namba hizo na gharama yake kwa shilingi. Watu huajiriwa kwa ukurasa wa namna hiyo.

Na shangazi asivunjike moyo. Ukishafanya kazi angalau miaka 2, unaweza kuomba Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza unaolipa ada, nauli na matumizi kwa shahada ya uzamili ya mwaka mmoja. Wakati huo utakwenda kusoma menejimenti ukiwa na daftari lako la kusimama kwa mitambo na maswali yako mwenyewe, na mhadhiri akizungumzia akiba ya spea utakuwa na la kumbishia. Mwambie aanze kukuwekea chumba.

Mjomba