Kiweko cha Tangi la Samaki: Somo la Hesabu, Sayansi na Kazi za Mikono

Mwalimu wa shule ya msingi anayetaka kuwafundisha watoto habari za viumbe wa majini hana chombo bora kuliko tangi la kioo lililowekwa darasani. Humo mtoto huona kwa macho yake jinsi samaki anavyopumua, anavyokula na anavyotunza makinda yake. Vitabu vingi vya mbinu vimeeleza uchaguzi wa samaki, chakula chao na usafi wa maji. Jambo moja hutajwa kwa haraka mno, nalo ni kile kinacholibeba tangi lenyewe.

Katika mwaka wangu wa pili wa ualimu niliweka tangi la urefu wa mita moja juu ya meza ya kawaida ya mwalimu. Meza ile ilikuwa imebeba madaftari kwa miaka mingi, nami sikuona sababu ya kuitilia shaka. Nililijaza tangi maji jioni. Asubuhi nilikuta sakafu imelowa, vipande vya kioo vimetapakaa hadi chini ya madawati ya mbele, na perege wote wamekufa. Miguu ya meza ilikuwa imelala upande. Kengele ilikuwa bado haijalia. Kama meza ingeanguka saa mbili baadaye, vioo vile vingewaangukia watoto. Meza haikuwa mbovu. Mimi ndiye niliyekuwa sikupiga hesabu.

Makala haya yanaeleza jinsi ya kutengeneza kiweko, yaani meza maalumu ya kubebea tangi kubwa, kilicho imara kwanza na cha kupendeza baadaye. Baada ya kuyasoma, mwalimu mwanafunzi aweze:
(a) kukadiria uzito wa tangi lililojaa;
(b) kueleza kwa jaribio kwa nini meza huyumba na kuanguka;
(c) kujenga kiweko, au kukagua samani kuukuu kabla ya kuitumia;
(d) kuigeuza kazi hiyo kuwa masomo ya darasani.

1. Kukadiria mzigo

Tuchukue tangi lenye urefu wa sm 100, upana wa sm 40 na kimo cha sm 50. Mjao wake ni 100 × 40 × 50, yaani sm za ujazo 200,000, au lita 200. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo 1. Hivyo maji peke yake ni kilo 200.

Kioo nacho kina uzito. Sentimeta moja ya ujazo ya kioo ina uzito wa gramu 2.5 hivi. Ikiwa kioo kina unene wa sm 1, sakafu ya tangi na kuta zake nne zina eneo la sm za mraba 18,000, na uzito wake ni kilo 45. Tukiongeza mchanga wa kilo 30 tunapata kilo 275. Mwalimu mwangalifu hukadiria kwa kuzidisha, wala hapunguzi. Basi tuseme kilo 300. Huo ni uzito wa magunia matatu ya mahindi ya kilo 100, na utakaa hapo usiku na mchana, mwaka mzima.

Mwenye kutaka kufuga samaki wa miambani akumbuke kuhesabu mawe pia. Mbuna wa Ziwa Nyasa, ambao leo hufugwa majumbani hata Ulaya na Marekani, huhitaji mawe mengi yenye mianya ya kujificha. Mawe hayo hupimwa kwenye mizani kabla ya kuingizwa tangini.

2. Mzigo hushuka vipi?

Fanya jaribio hili mbele ya darasa. Kata vipande vinne vya karatasi ya manila, viwili virefu na viwili vifupi. Viunganishe kwa pini kwenye pembe ili upate umbo la mstatili. Sukuma upande mmoja kwa kidole. Mstatili utalala, ingawa hakuna kipande kilichokatika. Sasa unganisha kipande cha tano kwa mshazari, kutoka pembe moja hadi pembe inayoikabili. Sukuma tena. Umbo halilali, kwa kuwa limegawanyika kuwa pembetatu mbili, na pembetatu haiwezi kubadili umbo lake ila pande zake zivunjike au zijikunje.

Hii ndiyo siri ya meza yangu. Miguu yake ilikuwa minene ya kutosha kuubeba uzito ule ukishuka wima. Lakini hapakuwa na kitu cha kuizuia isilale upande. Kiweko hukingwa na hatari hiyo kwa mbao za mshazari, au kwa plaiwudi iliyofungwa barabara upande wa nyuma na ubavuni, ambayo hufanya kazi ile ile.

Kanuni ya pili ni hii: mbao ikae juu ya mbao. Mzigo ushuke kutoka fremu ya juu hadi kwenye mguu, na kutoka mguuni hadi sakafuni, bila kuning'inia kwenye msumari wala skrubu. Kazi ya skrubu ni kuzuia mbao zisihame mahali pake. Fundi anayepigilia fremu ya juu ubavuni mwa miguu huku vichwa vya miguu havibebi kitu, ameutundika mzigo wote kwenye misumari.

3. Kutumia samani kuukuu

Shule nyingi zina kabati au meza zilizotupwa stoo. Kabla ya kuzitumia, zikague hivi. Kwanza, sukuma samani kutoka ubavuni. Ikiyumba, haifai mpaka itiwe mbao za mshazari au plaiwudi nyuma. Pili, tazama ubao wa juu umekaa juu ya nini. Ikiwa umepigiliwa juu ya droo tupu, ondoa droo na uweke nguzo chini yake. Tatu, chunguza aina ya mbao. Mbao za unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi huvimba na kumomonyoka zikipata maji, nazo zisitumike. Nne, gonga miguu na uitoboe kwa ncha ya kisu ili kujua kama mchwa au bungua wamekwisha kuila.

Miguu ya chuma ya cherehani ya zamani hupendeza sana, lakini ni membamba na imeshikana kwa vyuma vichache. Ifae kwa tangi dogo tu. Pasipo na fundi wala mbao nyingi, matofali ya sementi yaliyopangwa kwa nguzo tatu zenye kimo sawa, kisha yakalazwa mbao nene juu yake, yatabeba mzigo wetu bila taabu. Nguzo hizo zisizidi sm 60 kwa kimo, na matofali yaungwe kwa sementi ili mtoto asiweze kuyasukuma.

4. Kujenga kiweko kipya

Mbao za msonobari zilizokauka vizuri zinatosha. Si lazima kutumia mninga. Mbao mbichi hupinda zikikauka. Kwa tangi letu tunahitaji mbao zenye unene wa sm 5 na upana wa sm 10, zilizonyooka. Pima mbao zako kwanza, maana zikisharandwa hupungua, na vipimo vya chini vitabadilika kwa kadiri hiyo.

Kata vipande vifuatavyo:
– vipande 4 vya sm 104, kwa urefu wa fremu ya juu na ya chini;
– vipande 6 vya sm 34, vya kukingamisha ndani ya fremu, vitatu kila moja;
– vipande 6 vya sm 48, kwa miguu.

Jumla ni sm 908. Mbao tatu za futi 12, ambazo kila moja ina sm 366 hivi, zinatosha ukizikata kwa mpango: ya kwanza itoe vipande vitatu vya sm 104 na mguu mmoja, ya pili itoe kipande kimoja cha sm 104 na miguu mitano, ya tatu itoe vipande vyote vya sm 34. Seremala asiyepanga kabla ya kushika msumeno atanunua mbao ya nne.

Unda fremu mbili, mbao zikiwa zimesimama kwa ubavu wake mwembamba. Kila fremu itakuwa na sm 104 kwa 44. Hakikisha pembe ni mraba kwa kupima mshazari kutoka pembe hadi pembe: vipimo vyote viwili viwe sawa, navyo vitakaribia sm 113. Simamisha miguu sita juu ya mbao ndefu za fremu ya chini, minne pembeni na miwili katikati, upana wa mguu ukifuata urefu wa fremu. Laza fremu ya pili juu ya vichwa vya miguu. Unganisha kwa vibao vya ndani vinavyovuka maungio, kwa gundi isiyoyeyuka majini na skrubu. Kisha funga plaiwudi upande wote wa nyuma na ubavuni, na ubao wa plaiwudi wa sm 2 juu. Kimo chote kitakuwa sm 70.

Sasa tazama hesabu. Kilo 300 zimegawanywa kwa miguu 6, kila mguu kilo 50. Kichwa cha mguu kina eneo la sm za mraba 50. Basi kila sentimeta ya mraba inabeba kilo 1 tu, mzigo mdogo sana kwa mbao inayobeba kwa kufuata nyuzi zake. Mwanafunzi akiielewa hesabu hii atajua kwamba nguvu ya kiweko haitokani na unene wa mbao tu, bali pia na mahali zilipowekwa.

5. Kukipendezesha

Kiweko kikisha kuwa imara, kipewe uzuri. Piga msasa kufuata nyuzi za mbao, paka rangi ya mafuta au vanishi mara mbili au tatu, hasa kwenye vichwa vya mbao vinavyofyonza maji. Upande wa mbele waweza kutiwa milango miwili, na ndani zikawekwa chakula, nyavu na ndoo. Mahali pengine watoto wamezoea kusuka ukili. Basi wasuke wenyewe mkeka mwembamba wa ukindu wa kufunika mbele. Pazia la kanga au kitenge nalo hufaa kwa kiweko cha matofali. Rangi tulivu ni bora kuliko rangi kali, maana tunataka jicho la mtoto liende kwa samaki.

6. Kujaribu na kujaza

Usijaribu kiweko kwa tangi lenyewe. Kipakie mifuko ya mchanga iliyopimwa mpaka ifike kilo 300, ukiitandaza sawasawa, na uache siku mbili. Vuta uzi kutoka ncha moja hadi nyingine ya fremu ya juu. Mbao ikionekana kubonyea chini ya uzi, ongeza nguzo.

Weka kiweko karibu na ukuta, mbali na mlango na mahali watoto wanapopita mbio, wala kisipigwe na jua, kwani jua hukuza mwani na kupasha maji joto. Kifunge ukutani kwa vyuma vya pembe. Sakafu ikiwa ya udongo, weka chini ya fremu mawe bapa au matofali. Hivyo hakitadidimia, na mchwa hawatapanda kwa siri. Tumia pima maji kwa urefu na kwa upana. Asiye nayo achukue mpira mwangavu wenye maji, kama waashi wafanyavyo: maji katika ncha zake mbili husimama usawa mmoja daima. Tangi lililoinama hubebesha kioo mkazo usio sawa.

Tangi lenye sakafu ya kioo kitupu liwekewe chini yake karatasi ya povu jeupe gumu, lile linalofungashia redio, ili chembe ya mchanga isilipasue. Lijaze robo, upime tena. Kisha nusu, na usiku upite kabla ya kulijaza. Kama kuna pampu ya umeme, waya wake uning'inie chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda, matone yasije yakaifikia. Na tangi lenye maji lisisogezwe kamwe, hata kidogo.

7. Matumizi darasani

Mwalimu asiwaletee watoto kiweko kilichokamilika. Madarasa ya chini yapime kimo cha macho ya wenzao waliokaa na waliosimama, ili kuamua kimo kinachofaa. Madarasa ya juu yakokotoe mjao, eneo na uzito, na yafanye jaribio la mstatili. Kazi za msumeno ziwe chini ya usimamizi wa karibu, na kuinua tangi iwe kazi ya watu wazima.

Mazoezi kwa mwalimu mwanafunzi
1. Tangi lina sm 80 kwa 35 kwa 40. Tafuta uzito wa maji yake likijaa.
2. Kagua meza moja ya chuo chako kwa hatua nne zilizoelezwa, na uandike kama inaweza kulibeba tangi hilo. Toa sababu.
3. Andika maandalio ya somo la dakika 40 kwa darasa la tano, ambalo ndani yake watoto watagundua wenyewe, bila kuambiwa, kwa nini meza ya mwalimu yule ilianguka.