Pima Mwinuko Kwanza: Kwa Anayetafuta Nyumba ya Mapumziko Kando ya Ziwa Tanganyika

Mvua zikikatika na anga la Bujumbura likitakata, biashara ya viwanja vya ufukweni huchangamka. Kiangazi ni msimu wa harusi na wa wageni. Ndugu wanarudi kutoka Ubelgiji, Kanada na kwingineko wakiwa na akiba ya miaka mingi, na wasioweza kurudi hutumiwa video kwa simu: mchanga mpana, maji yametulia, milima ya Kongo inaonekana ng'ambo, dalali anatembea kwenye mipaka ya kiwanja akieleza bei. Video hiyo kwa kawaida haina uongo. Kasoro yake ni kwamba imepigwa Agosti au Septemba, miezi ambayo ziwa linashuka na ufuo unapanuka. Mwenye akiba anaamua kwa kuangalia mandhari ya msimu mmoja, na nyumba anayotaka kuijenga inatakiwa isimame miaka 50. Kijitabu hiki kinatetea jambo moja: kando ya Tanganyika, kitu cha kwanza unachonunua ni mwinuko wa ardhi kutoka usawa wa bahari, na mambo mengine yote, mchanga, mandhari, ukaribu na mji, hata bei, yanafuata baadaye. Tena njia nzuri ya kuujua mwinuko huo ni kuusafiri ufuo kwa barabara wakati maji yamejaa, kabla hujalipa hata senti.

Ili kuelewa sababu, tazama jinsi ziwa lenyewe linavyofanya kazi. Tanganyika lina urefu wa karibu kilomita 670 na kina kinachofikia mita 1,470. Duniani ni Baikal peke yake linalolizidi kwa kina. Linapokea maji ya Rusizi kutoka Ziwa Kivu, ya Malagarasi kutoka Tanzania, ya mito mingi midogo ya milimani, na ya mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe. Mlango wa kutokea ni mmoja tu, mto Lukuga, upande wa Kalemie nchini Kongo, nao ni mdogo sana ukilinganisha na maji yanayoingia. Sehemu kubwa ya maji huondoka kwa kugeuka mvuke. Ni kama beseni kubwa lenye tundu dogo: likijaa, halimwagi haraka. Kwa hiyo mvua nyingi za miaka miwili au mitatu mfululizo hulipandisha ziwa, na kushuka kwake huchukua miaka. Ndani ya kila mwaka pia kuna kupanda na kushuka. Maji huanza kupanda mvua zinapoanza mwishoni mwa mwaka, hufika juu kabisa kati ya Aprili na Mei, kisha hushuka hadi Oktoba au Novemba.

Historia iliyoandikwa inathibitisha hayo. Novemba 1871 Livingstone na Stanley walitoka Ujiji kwa mashua hadi kaskazini mwa ziwa na kukuta kuwa Rusizi inaingia ziwani, haitoki. Mwaka 1874 msafiri mwingine, Cameron, aliufikia mlango wa Lukuga. Mwaka 1876 Stanley aliukuta umezibwa kwa matete na matope. Ziwa likaendelea kujaa hadi mwaka 1878, lilipofika zaidi ya mita 783 juu ya usawa wa bahari na kuvunja kizuizi hicho. Maji yakashuka mita kadhaa katika miaka iliyofuata, na ndiyo maana pale Ujiji walipokutana Livingstone na Stanley, pahali palipokuwa jirani na maji, leo pako mbali na ufuo. Mvua kubwa za 1961 na 1962 zilipandisha maziwa karibu yote ya Afrika Mashariki, na mwaka 1964 Tanganyika lilifika mita 777. Halafu lilishuka tena. Katika ukame wa katikati ya miaka ya 2000 maji yalirudi nyuma, ufuo ukawa mpana, watu wakaufuata. Wengi walijenga hapo kwa nia njema kabisa, wakiamini kwamba ziwa limehama. Kuanzia mwishoni mwa muongo uliofuata likarudi, na mwaka 2024 lilikuwa tena kwenye alama ile ile ya mita 777, miaka 60 baadaye. Halikuwa peke yake: Mei 2020 Ziwa Victoria nalo lilifikia alama yake ya 1964, na huko Baringo nchini Kenya hoteli na nyumba za ufukweni zilifunikwa na maji.

Sasa zishushe namba hizo kwenye kiwanja. Tofauti kati ya miaka ya maji machache na miaka ya maji mengi ni kama mita tatu na nusu. Kwenye kilima, mita tatu na nusu ni ngazi chache. Kwenye tambarare ya Imbo, ambako ardhi inaweza kupanda mita moja tu kwa kila mita 100 unazotembea, maji yanaingia ndani mita 350. Hesabu hii fupi inaeleza kwa nini Gatumba, Kajaga na Kibenga, kando ya Bujumbura, ziliumia wakati ufuo wa kusini wenye miteremko ulinusurika. Gatumba ina mzigo wa pili, kwa sababu Rusizi inapofurika hukuta ziwa limeshajaa mbele yake na maji hayana pa kwenda; mafuriko ya Aprili 2020 yaliwahamisha maelfu ya watu, wengi wakaishia kwenye mahema. Mwaka 2024 maji yalifunika tena barabara ya kwenda Uvira, na Aprili mwaka huo serikali ya Burundi na Umoja wa Mataifa walitoa wito wa msaada kwa zaidi ya watu 200,000 walioathirika nchini. Anayetafuta nyumba ya mapumziko ana hiari ambayo familia nyingi za Gatumba hazikuwa nayo. Hiyo peke yake inatosha kumfanya aitumie vizuri.

Sheria inamsaidia, ingawa haimalizi kazi. Kanuni ya Maji ya Machi 2012 inaweka mita 150 kando ya Tanganyika kuwa eneo la mali ya umma, na Kanuni ya Ardhi ya Agosti 2011 haimruhusu mtu kuuziwa mali ya umma. Kiwanja ambacho ukuta wake unagusa mchanga kinauzwa kinyume cha sheria, hata kama majirani wote wamejenga hivyo na hata kama muuzaji ni mtu wa heshima. Lakini angalia pia upungufu wa kipimo chenyewe: mita 150 ni umbali, na maji hupanda kwa mwinuko. Mahali pa tambarare, mita 150 zinaweza kukupa mita moja na nusu tu ya usalama, na miaka ya karibuni imeonyesha kwamba hiyo haitoshi. Kwa hiyo chukua mita 150 kuwa mpaka wa sheria, kisha ongeza mpaka wako mwenyewe: sakafu ya nyumba iwe juu ya mita 780, yaani mita tatu juu ya alama ya 1964 na 2024. Mwenye kutaka kulala usingizi mzito atafute mita 785, juu ya alama ya 1878.

Wapo watakaosema: mbona fulani ana hati miliki ya kiwanja cha ufukweni? Hati ni ushahidi wa haki mbele ya watu. Iliyotolewa juu ya mali ya umma inaweza kufutwa, na hata isipofutwa, haina la kuyaambia maji. Wengine husema watajaza kifusi na kujenga ukuta wa mawe. Jambo hili limejaribiwa, na anayelijaribu husahau maji ya chini ya ardhi. Ziwa likipanda, maji ya ardhini hupanda nalo. Fosi septiki hujaa kabla mawimbi hayajafika getini, choo kinarudisha, kisima kinachafuka, na katika ufuo ambao kipindupindu huzuka mara kwa mara, hiyo ni hatari ya kuua. Ukuta unaweza kuzuia wimbi. Hauzuii maji yanayotoka chini ya sakafu. Tena kifusi chako husukuma maji kwa jirani asiye na uwezo wa kununua kifusi. Wapo pia wanaotumaini kwamba nchi zitakubaliana kuurekebisha mlango wa Lukuga. Nchi nne zinazoshiriki ziwa hili zilitia saini mkataba wa kulisimamia mwaka 2003, na mamlaka yake iko hapa Bujumbura. Mazungumzo ya nchi hizo ni ya maana na yanastahili kuungwa mkono. Hata hivyo, msingi wa nyumba haumwagwi juu ya mazungumzo.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni hili: ziwa limeshapanda na litashuka, mwenye subira atanunua kwa bei nafuu na kufaidi ufuo mpana kwa miaka 20. Sehemu ya kwanza ni kweli, kwani rekodi zinaonyesha kuwa hushuka. Lakini rekodi hizo hizo zinaonyesha kuwa hurudi, na hakuna anayeweza kumtajia mwaka. Anayetaka miaka 20 ya mchanga apange nyumba, au ajenge kibanda cha makuti kinachong'oleka. Zege ni la kudumu, na pahali pake ni penye kudumu.

Hapo ndipo safari ya barabara inapoingia, na tunashauri ifanywe mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei, msimu ambao wengi huukwepa. Barabara ya Kitaifa namba 3 inatoka Bujumbura ikifuata ziwa kuelekea kusini, karibu kilomita 75 hadi Rumonge na karibu 125 hadi Nyanza-Lac, kisha inapanda kwenda mpaka wa Mugina na Manyovu, njia ya Kigoma. Jaza esansi kabla ya kutoka, kwa sababu uhaba wa mafuta umekuwa wa mara kwa mara na kusini vituo ni vichache. Ondoka asubuhi, rudi kabla ya giza, chukua vitambulisho kwa ajili ya barieri. Simama Mugere, penye jiwe la kumbukumbu ya Livingstone na Stanley, uone jinsi tambarare inavyoanza kubanwa na milima. Kuanzia Kabezi kuelekea Magara, milima inashuka hadi karibu na maji, na mwinuko unaoutafuta unapatikana kwa hatua chache.

Usifurahi upesi. Milima hiyo ina hatari yake, na yeyote anayepita Gitaza anapaswa kukumbuka Machi 2015, ardhi ilipoporomoka juu ya nyumba na barabara na watu wakafa. Huko ukague mteremko kwa makini kama unavyokagua maji: miti iliyoinama, nyufa za mviringo kwenye udongo, chemchemi mpya, korongo linalopita juu ya kiwanja, ngema iliyokatwa nyuma ya nyumba bila ukuta wa kuizuia. Kiwanja kizuri kiko kwenye mgongo wa kilima chenye mteremko mdogo, kina miti ya zamani iliyosimama wima, na hakiko mdomoni mwa kijito. Viwanja vya namna hii vipo upande wa Magara, karibu na Resha na juu ya Rumonge, na mara nyingi bei yake ni ndogo kuliko ya vile vya mchangani, kwa sababu wanunuzi bado wanalipia ukaribu wa maji. Ufuo wenyewe, kwa sheria, ni wa wote. Utashuka kwa miguu kwenda kuogelea, baada ya kuwauliza wavuvi kuhusu viboko na mamba.

Kila unaposimama, soma kuta. Jengo lililowahi kuingiliwa na maji linabaki na mstari wa rangi ya kahawia unaozunguka vyumba vyote kwa usawa mmoja. Plasta chini ya mstari huo imevimba na kumomonyoka, bawaba za chini za geti zimeliwa na kutu kuliko za juu. Rangi mpya iliyopakwa hadi kiunoni tu ni jambo la kuulizia. Waulize wazee wa Rumonge na Nyanza-Lac maji yalifika wapi mwaka 1964, waulize wanaoanika ndagala yalifika wapi 2021 na 2024, kisha linganisha majibu. Namba ya mwinuko inayoonekana kwenye simu inaweza kukosea kwa mita nyingi, na hapa mita mbili ndizo zinazotenganisha nyumba na bwawa. Mlipe mpimaji mwenye vyombo, aanzie kwenye alama rasmi ya upimaji na aandike mwinuko wa pembe zote za kiwanja. IGEBU, taasisi ya jiografia ya nchi, ndiyo inayofuatilia usawa wa ziwa. Kuhusu karatasi, ifuate hati miliki kwenye ofisi ya hati, au cheti cha ardhi kwenye huduma ya ardhi ya komini, ukiwa na namba yake mkononi. Usikubali nakala ya picha. Aliyeko ng'ambo amtume mtu asiyelipwa na dalali.

Zikibaki shaka baada ya yote hayo, panga nyumba kwa likizo mbili au tatu katika misimu tofauti. Gharama yake ni ndogo ukiilinganisha na ukuta mmoja uliobomoka. Na ukiamua kununua, usitie saini mpaka mpimaji amekuandikia namba ya mwinuko, na namba hiyo iko juu ya mita 780.