Somo la Baiskeli: Ukubwa wa Gurudumu, Umbo la Fremu na Usalama wa Mzigo

Katika vyama vya msingi vilivyo milimani, baiskeli ndiyo inayofikisha sehemu kubwa ya mazao kwenye kituo cha kupokelea. Wanachama wanapoomba mkopo wa baiskeli, jambo la kwanza linalojadiliwa katika kikao cha halmashauri ni bei, na la pili ni ukubwa wa gurudumu. Swali la tatu, yaani fremu imeundwaje na mzigo utakaa wapi, halisikiki mara nyingi. Hata hivyo, ni swali hilo la tatu linaloamua kama mwanachama atafika salama chini ya mteremko akiwa na gunia lake, au ataokotwa mtaroni. Somo hili limeandaliwa kwa ajili ya makatibu wanaoandika maombi ya ununuzi, na kwa ajili ya wanachama watakaopanda baiskeli hizo na kulipa deni lake.

Baiskeli zinazouzwa leo kwa jina la "baiskeli za milimani", ambazo nyingi hufika katika masoko ya Afrika Mashariki kama mitumba, zina asili inayofaa kujulikana. Katika miaka ya 1970 vijana wa Marin County, California, nchini Marekani, walikuwa wakishuka njia za vumbi za mlima Tamalpais kwa baiskeli kuukuu za Schwinn zenye matairi manene ya inchi 26. Tarehe 21 Oktoba 1976 walianza mashindano ya kushuka mteremko walioupa jina la Repack. Maana ya jina hilo ni kupaka grisi upya, kwa kuwa breki za ndani ya kikombe cha gurudumu zilipata moto hata grisi ikaungua, na kila baada ya kushuka ilibidi kikombe kifunguliwe na kujazwa grisi nyingine. Mwaka 1977 Joe Breeze aliunda fremu mpya kwa ajili ya kazi hiyo, na mwaka 1979 Tom Ritchey akaunda fremu zilizouzwa na Gary Fisher na Charlie Kelly. Inchi 26 hazikuchaguliwa na mtaalamu yeyote baada ya uchunguzi. Zilichaguliwa kwa sababu hayo ndiyo matairi manene yaliyokuwapo. Kipimo hicho kilitawala kwa zaidi ya miaka 25, ndipo gurudumu la 29 lilipoenea, na baadaye lile la 27.5.

Gurudumu kubwa linasifiwa kwamba linapita juu ya mawe kwa urahisi. Sifa hiyo ni ya kweli, lakini hutiwa chumvi. Tuseme gurudumu la mbele limebeba uzito wa kilo 40, nalo limegota kwenye jiwe lenye kimo cha sentimita 8. Ili gurudumu lianze kulipanda jiwe hilo, lahitaji kusukumwa mbele kwa nguvu ya uzito wa takriban kilo 34 ikiwa ni la inchi 26 lenye tairi nene, kilo 33 ikiwa ni lile la 28 la baiskeli nyeusi ya kawaida, na kilo 32 ikiwa ni la 29. Tofauti ni kilo mbili tu. Gurudumu dogo la baiskeli ya mtoto, la inchi 16, lahitaji takriban kilo 53 kwa jiwe lilelile. Hapo ndipo udogo unapoumiza kweli. Baina ya 26 na 29, unene wa tairi na kiasi cha upepo uliojazwa humsaidia mpandaji zaidi ya ukubwa wa rimu, kwa kuwa tairi pana lenye upepo wa wastani humeza mawe madogo badala ya kurushwa nayo.

Hata wanariadha wakubwa hawakukubaliana. Katika Michezo ya Olimpiki ya London mwaka 2012, Jaroslav Kulhavý wa Ucheki alishinda mbio za milimani akiwa na magurudumu ya 29. Nino Schurter wa Uswisi, mtu mfupi kuliko yeye, alitumia 27.5, akashindwa kwa sekunde moja tu baada ya mwendo wa karibu saa moja na nusu. Katika mbio hizohizo Adrien Niyonshuti wa Rwanda alimaliza akiwa wa 39. Ni vigumu kudai kwamba gurudumu ndilo lililogawa medali siku ile.

Jambo zito zaidi ni usukani. Bomba la shingo ya fremu, ambamo uma wa mbele huzungukia, halisimami wima. Limelala nyuma kidogo. Endapo mstari wa bomba hilo utaendelezwa hadi chini, utaigusa ardhi mbele ya mahali ambapo tairi linaikanyaga. Umbali baina ya sehemu hizo mbili na uitwe "mfuato" katika somo hili, kwa kuwa tairi hufuata nyuma ya mstari wa usukani, kama vile vijigurudumu vya mkokoteni wa dukani vinavyojigeuza vyenyewe kufuata upande unaosukumwa. Mfuato ndio unaolirudisha gurudumu katika mstari ulionyooka linapopigwa na jiwe. Ukiwa mfupi, baiskeli hugeuka upesi lakini hutapatapa katika mwendo wa kasi. Ukiwa mrefu, baiskeli hutulia katika kasi lakini huwa nzito kuigeuza inapokwenda polepole.

Mfuato hupimwa bila chombo cha gharama. Baiskeli isimamishwe wima juu ya sakafu ya saruji, gurudumu la mbele likitazama mbele kabisa. Ufito ulionyooka uwekwe ubavuni mwa bomba la shingo, ukilifuata sawasawa katikati yake, hadi uiguse sakafu, na hapo patiwe alama ya chaki. Kisha uzi wenye jiwe uteremshwe kutoka katikati ya ekseli ya mbele, na pale unapogusa patiwe alama ya pili. Kipimo baina ya alama mbili ndicho mfuato. Kikundi cha masomo chaweza kupima baiskeli tano za wanachama katika kikao kimoja na kulinganisha majibu na mwenendo wa kila baiskeli kama wenyewe wanavyoujua.

Hesabu yaonyesha jinsi ukubwa wa gurudumu na umbo la fremu vinavyoshirikiana. Gurudumu la 26 lenye tairi la inchi 2, likiwa katika shingo ya nyuzi 70 na uma uliopindwa mbele milimita 45, hutoa mfuato wa takriban milimita 73. Likiwekwa gurudumu la 29 bila kubadili kitu kingine, mfuato huwa milimita 85. Shingo ikilazwa hadi nyuzi 65, gurudumu hilohilo la 29 hutoa milimita 120. Ni dhahiri kwamba nyuzi 5 za shingo zimefanya kazi kubwa kuliko inchi 3 za gurudumu. Baiskeli za milimani za miaka ya 1980 na 1990 zilikuwa na shingo ya karibu nyuzi 71. Nyingi za sasa zimelazwa hadi nyuzi 64 au 66, kwa kuwa waundaji wamejali zaidi kushuka kwa kasi. Mwanachama anayenunua mtumba aweza kukutana na yoyote kati ya hizo, na zote zikaitwa kwa jina moja sokoni.

Hapa kuna hila moja ambayo mafundi wengi hawaitambui. Uma uliopindwa mbele zaidi hupunguza mfuato, wala hauongezi. Kwa hiyo fundi anayeondoa uma uliovunjika na kuweka wa baiskeli nyingine amebadilisha tabia ya usukani, hata kama uma mpya unaingia vizuri. Vilevile uma mrefu wenye springi huinua mbele ya fremu na kuilaza shingo, takriban nyuzi 1 kwa kila sentimita 2. Mwenye baiskeli huanza kulalamika kwamba usukani "umekuwa mlevi", akalaumu beringi.

Shingo iliyolala sana ina adhabu yake mlimani. Usukani unapogeuzwa kidogo katika mwendo wa polepole, sehemu ya mbele ya fremu hushuka, na uzito wake huuvuta usukani ugeuke zaidi. Mpandaji asiye na mzigo hurekebisha bila kufikiri. Mwenye kapu la ndizi mbele ya usukani hushindwa. Wanachama wanaofunga mizigo mbele wangefanya vyema kutafuta shingo iliyosimama zaidi, au waache kufunga mbele.

Mzigo wa nyuma ndio wenye hatari kubwa kuliko yote, na hatari hiyo haionekani baiskeli ikiwa imesimama uwandani. Fremu ya baiskeli ya milimani iliundwa kwa mtu mmoja mwepesi asiyebeba kitu. Mabomba yake ya nyuma, kutoka mhimili wa pedali hadi ekseli, huwa mafupi, takriban sentimita 43. Yale ya baiskeli kubwa nyeusi ni marefu zaidi. Gunia likiwekwa juu ya keria karibu na kiti, visigino hugonga gunia. Basi mwenye baiskeli hulisogeza nyuma, na uzito wake hupita nyuma ya ekseli.

Na tuchukue mfano. Mpandaji na baiskeli yake wana kilo 80, na umbali baina ya ekseli mbili ni sentimita 110. Katika tambarare gurudumu la mbele hubeba takriban kilo 32. Gunia la kilo 60 likifungwa sentimita 15 nyuma ya ekseli ya nyuma, hupunguza kilo 8 mbele. Sasa baiskeli hiyo ipande mlima unaoinuka mita 15 katika kila mita 100. Kwa kuwa uzito uko juu, mteremko huurudisha nyuma: mpandaji hupunguza kilo 11 nyingine mbele, na gunia lililo juu ya keria kilo 7. Gurudumu la mbele limebakiwa na kilo 6 tu. Kwa uzito huo tairi halishiki ardhi, na mtikiso mmoja wa pedali hulinyanyua. Hakuna gurudumu la 29 wala la 28 litakaloponya kasoro hiyo.

Fremu ikirefushwa nyuma kwa sentimita 20, na gunia likafungwa chini zaidi, sentimita 10 mbele ya ekseli, hesabu hubadilika kabisa. Katika mlima uleule gurudumu la mbele hubakiwa na takriban kilo 30. Hii ndiyo njia aliyoichukua Tom Ritchey, yule muundaji wa California. Alitembelea Rwanda mwezi Desemba 2005, akawaona wakulima wakipitisha mizigo milimani kwa baiskeli za chuma na za mbao. Kahawa mbivu huharibika ladha isipomenywa mapema baada ya kuchumwa, kwa hiyo saa zinazopotea njiani hupunguza malipo ya mkulima. Ritchey alichora baiskeli ya kubebea kahawa yenye sehemu ndefu ya nyuma, nayo ikawafikia wakulima kwa njia ya mikopo. Mtu aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa baiskeli ya milimani alipotakiwa kuunda ya kubebea kahawa, hakuanza na gurudumu. Alianza na mahali pa kuweka mzigo.

Urefu nao una gharama yake. Baiskeli ndefu yataka nafasi pana kwenye kona kali, na ni taabu kuiinua juu ya gogo. Katika kushuka hutulia kuliko fupi, lakini uzito wote huo lazima usimamishwe na breki mbili. Breki za raba zinazobana rimu hupoteza nguvu nyingi mvuani, kwa hiyo chama kinachonunua kwa ajili ya miteremko mirefu kisikubali baiskeli yenye breki dhaifu kwa sababu ya bei. Kuhusu uimara wa gurudumu lenyewe, gurudumu dogo lenye spoki fupi huhimili mzigo wa pembeni kuliko kubwa lenye idadi ileile ya spoki. Kwa mizigo mizito nyuma, 26 yenye spoki 36 haina aibu mbele ya 29.

Limebaki jambo la matairi, ambalo limekwisha kupoteza fedha za watu wengi. Majina ya inchi hayaaminiki. Gurudumu la "29" lina rimu ya kipenyo cha milimita 622 mahali tairi linapokaa, ilhali lile la "28" la baiskeli nyeusi, linaloandikwa 28 x 1½, lina milimita 635. Yaani "28" hiyo ina rimu kubwa kuliko "29", na tairi la moja haliingii katika jingine. Zaidi ya hayo, 26 x 1.75 ni milimita 559, lakini 26 x 1¾ ni milimita 571, ingawa kwa hesabu ya shuleni namba hizo ni sawa. Na 26 x 1½ ya zamani ni milimita 584, kipimo kilekile ambacho leo kinauzwa kwa jina la 27.5.

Kwa sababu hiyo katibu asiandike inchi peke yake katika hati ya kuagiza. Ubavuni mwa tairi huwa pamechapwa namba mbili zenye kistari kati yake, kwa mfano 54-559. Ya kwanza ni upana wa tairi na ya pili ni kipenyo cha rimu, zote kwa milimita. Namba ya pili lazima ilingane na rimu ya mwanachama bila kupungua wala kuzidi hata milimita moja. Ya kwanza yaweza kutofautiana kidogo, mradi tairi lisikwaruze uma. Kabla ya kukusanya fedha, namba hizo zisomwe kwenye kila baiskeli, ziandikwe katika daftari la mikopo mbele ya jina la mwenye deni, na ziulizwe katika maduka mawili au matatu ya mji wa karibu. Endapo hakuna duka lenye tairi la namba hiyo, baiskeli hiyo isiingizwe katika orodha ya mkopo, hata kama fremu yake ni nzuri.