Mashine ya Chai Kando ya Kitanda: Mafunzo Niliyopata Kisoko

Shangazi yangu aliuguza wagonjwa Uingereza kwa miaka mingi. Aliporudi Kisoko, wilayani Tororo, Uganda, mizigo yake ilikuwa na Teasmade ya kampuni ya Goblin: saa, birika la umeme na buli, vyote kwenye trei moja ya kuwekwa kando ya kitanda. Ukiamka, chai iko tayari. Mimi ni fundi wa redio pale Busia, kwa hiyo niliitwa.

1. Mvuke ndio mfanyakazi. Nilipoifungua nilitafuta pampu, hakuna. Birika limefungwa kabisa, na bomba jembamba linashuka ndani hadi karibu na kitako. Maji yakichemka, mvuke unakosa pa kutokea, basi unayasukuma yapande bombani na kumiminika kwenye buli lenye majani. Birika likiisha maji linakuwa jepesi, kibao kilicholibeba kinainuka, swichi inakata umeme, kisha kengele inalia. Kila kitu kinategemea mpira wa kifuniko. Uliozeeka unapitisha mvuke pembeni, na maji hayaendi popote. Nilichonga mwingine kutoka kwenye mpira wa sufuria ya presha, ambao unastahimili joto na haudhuru chakula. Tyubu ya baiskeli usiijaribu, harufu yake itaingia kwenye chai.

2. Kagua waya kabla ya kuchomeka. Umeme wetu ni wa volti 240 na plagi ni ya pini tatu za bapa, sawa na Uingereza, hivyo watu hudhani hakuna la kuangalia. Lakini vifaa vya Kiingereza vya kabla ya miaka ya 1970 vilikuwa na waya mwekundu wa moto, mweusi wa nyutro na wa kijani wa ethi. Fundi kijana aliyezoea kahawia na buluu anaweza kubahatisha. Maji na kubahatisha havipatani.

Hata hivyo, hatari ya leo ni ndogo. Mwaka 1902 Frank Clarke, fundi wa bunduki wa Birmingham, aliuza mashine iliyojiwashia kiberiti na kuchemsha maji kwa taa ya spiriti, mwenye mashine akiwa bado anakoroma! Ile ya umeme iliyozaa Teasmade ilibuniwa na Brenner Thornton mwaka 1933.

3. Saa yake inafuata mitetemo ya umeme. Mota inategemea mizunguko 50 kwa sekunde, nasi tunayo hiyo hiyo. Shida ni umeme ukikatika: saa inasimama, ukirudi inaendelea ilipoishia. Usiku ukikatika kwa saa mbili, chai ya saa kumi na moja alfajiri inakuja saa moja, watoto wameshaenda shule. Na ajabu ni kwamba hapa Tororo ndipo umeme wa bwawa la Jinja umekuwa ukipita kwenda Kenya tangu miaka ya 1950, juu ya vichwa vya watu waliokuwa wakiwasha koroboi.

4. Maziwa hayaingii birikani. Hapa ndipo mashine na Kisoko vilipogongana hasa. Chai yetu hupikwa: maji, maziwa, majani na sukari kwenye sufuria moja, hadi ipande. Maziwa yakiungua kwenye koili na kuganda ndani ya lile bomba, kazi imekwisha. Inatoa strungi tu, chai isiyo na maziwa. Tena majani yetu ya punje yanakolea upesi. Ukichelewa kuamka unakunywa uchungu.

Lililomsumbua Shangazi zaidi lilikuwa ukubwa wa buli. "Baba, hii inatosha mtu na mumewe," aliniambia. "Sasa anayebisha hodi nitamwambia nini?" Nyumba yake haikosi mtu wa kubisha hodi asubuhi. Kwa hiyo sufuria haikuondoka jikoni, na chupa ya chai inajazwa kila siku. Teasmade anaitega Jumapili, anywe strungi yake kabla ya kwenda kanisani.

5. Ukoga mweupe wa maji ya kisima hutolewa kwa limao: kamulia birikani, chemsha, mwaga, suuza.

6. Bei iko mbali. Kampuni ya Swan ilirudisha Teasmade madukani mwaka 2009, na zile za zamani zina wapenzi wake huko Uingereza. Nilimweleza Shangazi kwamba angeweza kuiuza. Aliniuliza nauli ya kuirudisha huko ni kiasi gani.